Boti inatetema nikivuka mizunguko 1,400, na mjomba anataka kununua propela mpya

SWALI

Shikamoo Fundi.

Mimi ni nahodha wa boti ya wageni hapa Kigoma, nailaza Bangwe. Boti ni ya mjomba wangu, kaka yake mama. Ni yoti ya fiba, urefu mita 12, injini moja ya dizeli ya silinda sita, giabosi ya mbili kwa moja, shafti ya milimita 40 na propela ya shaba yenye mapanga manne. Tunapeleka wageni Gombe, na kiangazi tunapata wa Mahale.

Mwaka huu tuliipandisha nchi kavu kupaka rangi ya chini. Ikiwa bado juu ya magogo, mjomba akasema raba za injini, zile inazokalia ili kumeza mtikisiko, zibadilishwe zote nne, maana za zamani zilikuwa zimelowa dizeli na kubonyea. Fundi akafunga mpya, akalinganisha injini na shafti palepale juu ya magogo, akakaza kapulingi inayounga shafti na giabosi, akasema kazi imekwisha. Tukaishusha asubuhi, mchana nikaenda nayo Gombe. Ilikwenda vizuri. Ila glandi ya shafti, pale inapopenya kutoka ndani ya boti, ilianza kudondosha maji kuliko kawaida yake. Nikaikaza kidogo, na safari zilizofuata nikaikaza tena. Nilidhani kamba za ndani zinazozuia maji zimechoka.

Baadaye, jioni moja natoka Kibirizi, nikasikia kitu kimegonga chini, mara moja tu. Wewe unajua, tangu ziwa lilipopanda kuna kuta na visiki vingi vimefunikwa na maji pale ufukweni. Nikazamia, nikakuta panga moja limekunjwa ncha, upana wa kidole gumba. Tukaivua propela, fundi wa mjini akalinyoosha kwa nyundo na kulipiga tupa, tukairudisha.

Tangu siku hiyo boti inatetema. Chini ya mizunguko 1,300 ya injini kwa dakika hakuna shida. Nikivuka 1,400 nasikia mapigo mazito chini ya miguu, upande wa nyuma, siyo mvumo. Nikifika 1,800 milango ya makabati inacheza, na 2,000 sithubutu kukaa nayo. Nikiwa nyutro napandisha mpaka 2,000 na injini imetulia kabisa. Nikirudi kinyumenyume pia inatetema.

Sasa kila mtu ana lake. Mmoja anasema propela imekufa, tuagize mpya Dar. Mwingine anasema giabosi. Mjomba anasema raba ni feki, halafu akikasirika anasema mimi ndiye niliyeiharibu boti kwa kugonga ukuta. Sijalala vizuri, Fundi, maana boti hii ndiyo inayosomesha wadogo zangu. Na kuna wageni wa Mahale wanakuja mwezi ujao, wameshalipa nusu.

Naomba unisaidie mambo mawili. Tuanze kununua nini? Na je, naweza kuwapeleka wale wageni nikienda polepole, nisivuke 1,300?

Nahodha, Bangwe, Kigoma

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole kwa lawama.

Naanza na swali lako la pili kwa sababu ndilo lenye roho za watu. Usiende Mahale na boti hiyo. Kwenda polepole kunapunguza nguvu ya mtetemo lakini hakuondoi kinachouleta. Bushi inayoishika shafti kule nyuma inaendelea kulika, bolti za kapulingi zinaendelea kulegea, nawe huoni. Halafu safari ile ni zaidi ya kilomita 100 za maji, na kiangazi ndicho kipindi upepo wa kusini unapoinua mawimbi. Mawimbi yakikukuta mbele ya milima ya Mahale utahitaji 1,800 ili boti ishike njia, na hutakuwa nayo.

Tena fikiria kapulingi ikiachia. Shafti inaweza kurudi nyuma na kutoka kwenye bomba lake, na pale ilipokuwa panabaki tundu lililo wazi kwa ziwa. Tundu la milimita 50 lililo nusu mita chini ya maji linaingiza zaidi ya lita 200 kwa dakika. Ni pipa zima la mafuta kila dakika, na pampu nyingi za ngama, za kutoa maji yaliyoingia, kwenye boti za ukubwa wako hazifiki hata nusu ya hapo. Kwa hiyo wageni hao watafutieni boti nyingine ya kukodi. Faida itapungua, lakini wageni watafika na jina lenu litabaki. Na wakati wowote utakapofungua kapulingi, funga kola ya chuma yenye bolti kwenye shafti, upande wa ndani, mbele kidogo ya glandi. Ni kipande cha bei ndogo, na shafti haiwezi kutoka nje ikiwa kola ipo.

Sasa mtetemo wenyewe. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na kilichonishika si ule ukuta wa Kibirizi. Ni glandi. Umesema ilianza kudondosha maji safari za mwanzo baada ya kushusha boti, kabla hujagonga chochote. Glandi yenye kamba nzuri hudondosha matone machache kwa dakika shafti ikizunguka, na ikisimama hukauka au karibu na kukauka. Ikianza kumwaga ghafla baada ya injini kuwekewa raba mpya, mimi siulizi kamba kwanza. Nauliza kama shafti bado inapita katikati ya glandi, au imesogezwa upande na inakwaruza kamba kila inapozunguka. Na ule mkazo uliouongeza usiurudie. Kamba ikibanwa mno inakosa maji ya kuipoza, inaungua na kuchimba mfereji kwenye shafti. Baada ya mwendo wa nusu saa weka kiganja juu ya glandi, injini ikiwa imezimwa. Kama huwezi kukiacha pale kwa sababu ya joto, umeibana kupita kiasi.

Kwa hiyo nina watuhumiwa wawili, na sitaki mmoja afiche mwenzake. Wa kwanza ni ulinganisho wa injini na shafti uliofanywa nchi kavu. Wa pili ni propela iliyonyooshwa kwa nyundo, pamoja na shafti ambayo huenda ilipinda pale ukutani. Injini naiweka pembeni, kwa sababu ikiwa nyutro inapanda mpaka 2,000 bila kutikisika, na raba mbovu zingeonekana pia hapo. Giabosi naiweka pembeni kwa muda tu, maana ikiwa nyutro haisukumi kitu. Kama haina kelele ya kusaga na mafuta yake hayana chembe za chuma, usiruhusu mtu aifungue.

Kabla ya kushika spana, isikilize kwanza. Giabosi yako ni mbili kwa moja, kwa hiyo injini ikiwa 1,600 shafti inazunguka mara 800 kwa dakika, yaani mara 13 kwa sekunde. Kitu chochote kinachozunguka na shafti kikiwa na kasoro moja, uzito upande mmoja, mpindo, au panga moja lisilolingana na wenzake, kitakupiga mara 13 kwa sekunde. Hayo ndiyo mapigo mazito unayoyasikia miguuni. Mapanga manne yakipita karibu mno na mwili wa boti yanapiga mara nne ya hapo, kama 53 kwa sekunde, na hiyo sikio linaisikia kama mvumo. Silinda sita zinazowaka zinatoa 80. Umesema siyo mvumo, na mimi nakuamini, lakini pima. Simu nyingi za kisasa zina kihisi cha mtikisiko, na ziko programu za bure zinazoonyesha mapigo kwa sekunde. Ilaze simu sakafuni juu ya glandi, shikilia 1,600 kwa dakika moja, soma kilele kinasimama wapi.

Ukipata 13, kasoro iko kwenye shafti na vinavyozunguka nayo. Ukiona na kama 27, yaani mara mbili yake, imesimama pembeni, hiyo mara nyingi ni kapulingi isiyokaa sawa. Tahadhari hapa: kwa giabosi ya mbili kwa moja, 27 ni mwendo wa injini yenyewe pia, kwa hiyo pima tena 1,600 ukiwa nyutro. Ikitoweka nyutro, si ya injini.

Jambo lingine andika kwenye daftari: mtetemo unakuwaje kila ukiongeza mizunguko 200. Nguvu ya uzito uliokaa upande hukua kwa mraba wa mwendo. Kutoka 1,400 kwenda 1,800 inaongezeka kwa zaidi ya nusu, na ukizidisha mwendo mara mbili inakuwa mara nne. Kwa maelezo yako wako unakua hivyohivyo mfululizo. Ungekuwa unapanda, unafika kilele 1,500, halafu unatulia 1,700, ningesema ni raba au sakafu inayoitikia mwendo fulani tu, na ushauri wangu ungekuwa mwingine.

Baada ya hapo zamia. Maji yetu ya Tanganyika ni meupe mno, na mtu mwenye miwani ya kuzamia anaona vizuri kuliko mafundi wa mahali pengi wanaofanya kazi hii kwa kupapasa. Zima injini, toa funguo na ukae nao wewe mwenyewe mfukoni, zima betri kwenye swichi kuu, na mtu abaki juu ya sitaha asiyeruhusu yeyote kugusa chochote. Fanya kwenye maji wazi, mbali na matete na midomo ya mito.

Kwanza tazama nyuma ya propela, kati yake na mguu wa shafti, ule unaoishikilia chini ya boti. Hapo ndipo nyuzi za nyavu hujisokota. Uzi wa nailoni ukiingia ndani ya bushi huyeyuka kwa joto na kugeuka gundi ngumu, na shafti huanza kuruka juu yake. Kwenye maji yenye wavuvi wengi kama yetu, boti zimewahi kuvuliwa propela bure kwa ajili ya uzi wa shilingi mia.

Kisha shika propela kwa mikono miwili, iinue na kuishusha. Bushi ile ni mpira ndani ya ganda la shaba na inalainishwa na maji, hivyo uchezaji mdogo ni halali yake. Kwa shafti ya milimita 40, uchezaji ukikaribia milimita mbili bushi imekwisha. Tazama pia imelika wapi. Ikiwa imelika chini tu, sawasawa mbele na nyuma, huo ni uzito wa propela na umri. Ikiwa imelika upande mmoja kwa mbele na upande wa pili kwa nyuma, shafti inapita kwenye bushi ikiwa imekaa mshazari, na hapo ulinganisho umejishitaki wenyewe. Gonga pia mguu wa shafti kwa nyundo ndogo huku kiganja kingine kikiwa kwenye kiungo chake na mwili wa boti. Bolti iliyolegea utaihisi.

Halafu mapanga. Chukua kijiti kilichonyooka, kifunge kwenye mguu wa shafti ili ncha yake iguse ncha ya panga moja. Zungusha propela kwa mkono taratibu, ukiangalia kila panga linapopita. Yote manne yapite palepale. Moja likipita milimita tatu mbele au nyuma ya wenzake, limepinda bado. Hapa nina neno kuhusu nyundo, kwa sababu kazi hii hufanywa sana na kwa nia njema. Panga linaweza kuonekana limenyooka, hata uzito wake ukawa sawa na wengine, lakini mlalo wake ukawa umebadilika. Likiwa limelala zaidi au kusimama zaidi ya matatu yaliyobaki, linasukuma maji kwa kiasi tofauti, na shafti inasukumwa upande mmoja kila mzunguko. Mizani haiwezi kukuonyesha hilo. Linapimwa kwa kulaza propela juu ya meza bapa na kupima kimo cha kila panga kwenye umbali uleule kutoka katikati, ukingo wa mbele na ukingo wa nyuma. Tofauti ya kimo kati ya kingo hizo mbili ndiyo inayoonyesha mlalo, na ilingane kwa mapanga yote manne.

Mmeivua na kuirudisha propela, kwa hiyo nauliza pia kuhusu kii. Kile kipande cha chuma kinachozuia propela isizunguke peke yake juu ya shafti kikipanda kidogo kwenye mfereji wake wakati wa kukaza nati, propela hukaa juu ya kii badala ya kukaa juu ya koni ya shafti. Inaonekana imekaza, kumbe iko mshazari. Dawa ni kuisukuma propela mahali pake bila kii kwanza, kuweka alama kwenye shafti ilipofika, kisha kufunga na kii na kuona kama imefika kwenye alama ileile. Isipofika, kii inazuia.

Sasa nakuja kwenye kazi ambayo natamani ungeifanya kabla ya nyingine zote za spana, kwa sababu haigharimu zaidi ya fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia mwanya, na subira, na ndiyo inayowatenganisha wale watuhumiwa wawili.

Boti nchi kavu ina umbo moja, na majini ina lingine. Ikiwa juu ya magogo uzito wote unabebwa na sehemu chache, na mwili wa fiba unakubali kujikunja kidogo. Ikielea, maji yanaibeba kila mahali na mkunjo unabadilika. Ni vipande vya milimita tu, lakini kapulingi inataka chini ya hivyo. Zaidi, raba mpya hushuka zikishapewa uzito wa injini na saa kadhaa za kazi. Ndiyo maana ulinganisho wa nchi kavu ni wa kuanzia tu. Wa mwisho hufanywa boti ikiwa imelala majini siku moja au mbili, tangi likiwa na mafuta ya kawaida, vitu vikiwa mahali pake, na hakuna watu waliokaa upande mmoja. Fundi wenu aliacha kazi katikati. Sisemi alikusudia.

Fanya hivi. Boti ikielea mahali pasipo na wimbi, kola ikiwa imefungwa, tia alama kwa patasi kwenye vichwa vyote viwili vya kapulingi ili virudi vilivyokuwa. Fungua bolti, vuta shafti nyuma kidogo. Sasa shafti inaning'inia kwa uzito wake. Inamishe na uinue mpaka uone mwisho wa pande zote mbili, kisha iwekee kabari katikati ya mwendo huo. Ukiiacha ikining'inia utapima mning'inio badala ya injini. Irudishe mbele taratibu vichwa viguse. Pima mwanya kwa fila geji juu, chini, kulia na kushoto. Andika namba nne.

Kipimo ninachokitumia ni hiki: tofauti kati ya mwanya mkubwa na mdogo isizidi sehemu moja ya elfu ya kipenyo cha kapulingi. Kapulingi ya milimita 125 inaruhusu kama milimita 0.12. Kwenye kazi iliyofanywa nchi kavu na raba zikashuka, usishangae ukikuta mara kadhaa ya hapo.

Kisha fanya kile ambacho mafundi wengi wanakiruka. Kichwa cha giabosi kisiguswe. Zungusha kichwa cha shafti robo mzunguko, pima tena pande nne. Robo nyingine, pima. Mpaka umalize mzunguko mzima. Utakuwa na namba 16, na hizo zitasema yote. Kama mwanya mkubwa umebaki palepale, tuseme chini, kila ulipozungusha shafti, basi injini ndiyo iliyoinama na shafti ni nzima. Kama mwanya mkubwa umesafiri pamoja na shafti, ukawa chini, kisha kulia, kisha juu, basi shafti imepinda au kichwa chake hakikukerezwa sawa, na hapo ukuta wa Kibirizi una hatia. Ukipata mchanganyiko, unabaki palepale kwa sehemu na kusafiri kwa sehemu, yote mawili yapo. Mimi, kwa kusoma barua yako, nategemea mchanganyiko, injini ikiwa na sehemu kubwa. Lakini fila geji ndiyo itakayoamua.

Kama ni injini, legeza nati za raba na uinue au ushushe miguu ya nyuma na ya mbele kwa robo ya mzunguko wa nati kila mara, ukipima upya. Anza na juu na chini, kisha ndiyo uguse kulia na kushoto, maana ukichanganya vyote utazunguka siku nzima. Baada ya saa kama 20 za kazi pima tena, kwa kuwa raba zitakuwa zimeshuka zaidi.

Kama ni shafti, itolewe, na hiyo ni kazi ya kupandisha boti. Ipelekwe kwa mkereza vyuma mwenye mashine ndefu ya kutosha na saa ya kupimia mpindo. Asiinyooshe mtu kwa nyundo juu ya jiwe. Sehemu ya kumi ya milimita inatosha kuonekana kwenye boti kama yako. Na usiniambie Kigoma hakuna watu. Mji huu uliiunga meli ya Liemba kwa vipande vilivyotoka Papenburg, Ujerumani, kwa meli na reli, wakaishusha majini mwaka 1915. Ikazamishwa 1916, ikainuliwa 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Tembea mpaka eneo la bandari, uliza wazee waliofanya kazi kwenye vyumba vya injini za meli. Wapo wenye mikono ya kazi hii kuliko wauza propela wa mjini.

Propela mpya inakuja mwisho, ikithibitika kwenye meza kwamba mlalo umeharibika na haurekebishiki. Ikifika hapo, msiagize kwa kukadiria. Namba zimegongwa kwenye kitovu cha propela ya sasa: kipenyo, mlalo, na kama inazunguka kulia au kushoto. Pimeni na koni ya shafti. Msivutwe na aliye na kubwa zaidi kwa bei nafuu. Kati ya ncha ya panga na mwili wa boti inatakiwa ibaki nafasi ya asilimia 10 hadi 15 ya kipenyo cha propela. Kwa propela ya milimita 560 ni milimita 56 mpaka 84. Ikibanwa zaidi ya hapo mtaondoa mapigo ya leo na kununua mvumo usioisha. Tena ziwa letu liko zaidi ya mita 770 juu ya usawa wa bahari na hewa ni nyepesi, kwa hiyo injini isiyo na taabo ya kuisukumia hewa haitoi nguvu zote ilizoandikiwa. Propela inayoifaa boti ya Dar inaweza kuilemea ya Kigoma.

Nimebakiza mjomba. Usibishane naye kwa maneno, mpeleke chini kwenye injini siku ya kupima. Mpe tochi na daftari, wewe utaje namba, yeye aziandike. Mtu aliyeandika kwa mkono wake kwamba mwanya uko chini kila shafti inapozunguka hatahitaji kuambiwa nani ana kosa. Mwambie pia, kwa heshima, habari ya glandi kudondosha kabla ya kugonga. Si kwa ajili ya kumtupia fundi mzigo, ila fedha ya propela isije ikatumika kutibu kapulingi. Na ikionekana shafti imepinda, sema hivyo pia bila kuzunguka. Wewe ndiye nahodha. Ukuta ule umefunikwa na maji na hakuna aliyeuwekea boya. Tafuteni wenye boti wenzenu muombe kwa mamlaka uwekewe alama, kwa sababu boti ya pili itaugonga ikiwa na watu wengi zaidi.

Ukishamaliza kurekebisha, jaribu ndani ya ghuba ya Kigoma, bila abiria, jaketi za uokozi zimevaliwa. Panda kwa hatua za mizunguko 200, kila hatua dakika tano, simu ikiwa sakafuni palepale ilipokuwa mwanzo. Glandi igusweguswe kwa kiganja kila hatua. Mtetemo ukiwa umeondoka kabisa mpaka 2,000, nenda Gombe na urudi ukiwa na wafanyakazi tu, kisha mwite mkaguzi wa TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, aione kabla hujapandisha mgeni. Ukiwa umepungua tu, vua propela uipime mezani kama nilivyoeleza.

Nitumie zile namba 16 na kilele cha simu kwa 1,600, ukiwa gia na ukiwa nyutro. Nitakujibu kabla wageni hawajafika.